Nyundo ya Kazi Nyingi katika Soko la Mafundi wa Turkana

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mji wa Lodwar huko Turkana haujaacha kujengwa. Ofisi, nyumba za kupangisha, hoteli na maduka vimezidi kusogea kutoka kingo za mto Turkwel, na mafuta yaliyogunduliwa huko Lokichar mwaka 2012 yalileta matumaini ambayo, hata yalipofifia, yaliacha kuta zimesimama. Kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar iko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Ukiijumlisha na makazi jirani ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa katikati ya muongo uliopita, inafikisha watu karibu 300,000. Mwaka 2018 IFC, shirika la uwekezaji la Benki ya Dunia, lilikadiria kuwa soko la Kakuma, kambi na mji pamoja, lina thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka na biashara zaidi ya 2,000. Katika hesabu za namna hiyo saruji, mabati na mbao hupata nafasi yake. Zana ya mkononi haipati, kwa kuwa ni ndogo na hununuliwa moja moja. Ndiyo maana biashara yake imeachwa ijiendee, na imejiendea vibaya. Fundi wa Turkana anahitaji kifaa kimoja cha kazi nyingi kuliko fundi wa Nairobi au Mombasa, lakini anachouziwa ni wingi wa kazi ulioandikwa kwenye boksi, wakati faida yake na ya mwenye duka imo katika chuma, mpini na matengenezo.

Kifaa chenyewe si kigeni. Upande mmoja kina uso wa nyundo, upande wa pili makali ya kishoka, na kwenye bapa kuna mwanya wa kung'olea misumari. Wenzetu wa Marekani walikitumia kuezekea vigae vya mbao zamani sana. Siku hizi viwanda vimezaa jamaa zake wengi, kuanzia mtarimbo mfupi wa kubomolea unaogonga, kupasua na kung'oa, hadi zana ya kukunja yenye praya, kisu na bisibisi, ya aina ambayo Tim Leatherman alianza kuiuza mwaka 1983. Wala wazo la kitu kimoja kufanya kazi mbili halikuja Turkana na meli. Mchungaji wa Kiturkana hubeba ekicholong, kigoda kidogo cha kuchonga anachokikalia mchana na kulazia kichwa usiku, kwa sababu anayetembea na mifugo hawezi kubeba samani. Fundi wa Kakuma naye ni mtu wa kutembea. Leo anaezeka Kakuma 1, kesho anatengeneza mlango Kalobeyei, keshokutwa anabomoa kibanda kilicholiwa na mchwa, na mfuko wake unapakiwa bodaboda.

Aina ya kazi yenyewe ndiyo inayoamua. Huko Kalobeyei, UNHCR iliwapa wakimbizi fedha za kujijengea nyumba za kudumu badala ya kuwaachia wakandarasi wakubwa kazi yote. Uamuzi huo ulizigawa zabuni chache nene kuwa kazi nyingi nyembamba, na mwenye nyumba akawa ndiye anayetafuta fundi na kupatana naye bei. Kazi nyembamba haiajiri mtu wa kupasua miti, mwingine wa kupiga kenchi na wa tatu wa kubomoa, anaitwa mmoja. Kisha kuna mbao. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao zilipanda bei nchi nzima, na tangazo la Rais Ruto la Julai 2023 la kuondoa marufuku hiyo likaishia mahakamani. Turkana haina msitu wa saipresi, na mbao zake hupanda lori nyanda za juu, upande wa Kitale, zikasafiri kilomita 300 hivi kabla ya kufika Lodwar. Hapo mbao ya zamani ni mali. Mwenye kujua kuitoa bila kuipasua, akaunyoosha msumari na kuutumia tena, amemwokolea mteja fedha ambazo sehemu yake ataidai kama ujira. Huko Kakuma nako mafuriko ya lagga (mto wa msimu) ya Tarach, yanayoangusha kuta za udongo kila mvua kubwa inaponyesha, hufanya kubomoa na kujenga upya kuwa kazi ya kila msimu.

Mafundi wa mbao wenye karakana watapinga, na hoja yao ina uzito. Kifaa cha kazi nyingi, watasema, hakifanyi kazi yoyote vizuri: kishoka chake ni chepesi mno kwa kuchana gogo, nyundo yake haina mizani kwa sababu kichwa kimebeba bapa upande mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kutoboa tundu la kitasa kwa zana ya namna hiyo. Ni kweli. Anayetengeneza makabati na vitanda huko Lodwar anahitaji randa, patasi na msumeno wenye meno ya saizi mbili, na akinunua zana ya kukunja yenye kazi kumi na mbili atakuwa amenunua pambo. Lakini hoja hiyo inahusu sehemu moja tu ya soko. Fundi wa kuezeka na kubomoa haulizi kama kifaa kinashinda patasi. Anauliza kama kitamwezesha kumaliza paa bila kushuka ngazi mara ishirini. Kwake kazi tatu zinatosha, yaani kugonga, kukata na kung'oa, na kila kazi inayoongezwa juu ya hizo hupunguza chuma mahali fulani. Mwenye duka anayejaza rafu kwa vifaa vya kazi kumi na mbili anamhudumia mnunuzi wa zawadi.

Ubora ndio mahali soko linapovuja. Kichwa cha nyundo hupatikana kwa njia mbili. Kinaweza kusubiwa, yaani chuma kikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, au kinaweza kufuliwa kwa feleji iliyopashwa moto na kupondwa hadi ikae umbo, kisha uso na makali yake yakakazwa. Cha kusubu ni rahisi, na kikipakwa rangi hakitofautiani na ndugu yake, mpaka siku kucha moja inapokatika kwenye msumari wa inchi nne au kipande kinaporuka na kupita karibu na jicho. Mpini nao una shida ya mahali. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi. Mpini wa mbao uliokaushwa kwenye nchi yenye unyevu husinyaa ukifika huku, na kichwa kinaanza kucheza. Mafundi huutumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku ili uvimbe. Asubuhi unashika, lakini nyuzi za mbao zimebanwa na kupondeka ndani ya tundu, na ukikauka tena unalegea kuliko mwanzo. Mpini wa plastiki ngumu hauna tatizo hilo, ila ukivunjika kifaa kizima kinatupwa.

Tufanye hesabu ya mfano tu, isiyo bei ya duka lolote. Nyundo ya shilingi 500 inayodumu miezi minne itanunuliwa mara 12 katika miaka minne, yaani shilingi 6,000. Ya shilingi 1,800 inayodumu miaka hiyo minne, ikibadilishwa mpini mara mbili kwa shilingi 150 kila mara, inafika 2,100. Tofauti hiyo fundi anaiona vizuri kuliko mwandishi yeyote wa kurasa za biashara. Kinachomzuia ni kwamba siku anapohitaji nyundo ana shilingi 600 mfukoni, na kazi inaanza kesho saa moja. Kumwambia anunue kizuri bila kumwonyesha atakapopata hizo 1,200 zilizobaki ni kumfanyia mzaha. Mkimbizi hali yake ni ngumu zaidi: hawezi kutoka kambini kwenda Kitale au Nairobi kulinganisha bei bila kibali cha safari, kwa hiyo hununua kile ambacho wauzaji wa jumla wa Kakuma wameamua kuleta. Nao huleta kinachotoka haraka. Bidhaa bandia zenye majina makubwa huongeza mkanganyiko. Kenya ina sheria dhidi yake tangu mwaka 2008, lakini mkaguzi ni nadra kufika umbali huu.

Mkopo wa duka upo Kakuma tangu zamani. Wauzaji wa vyakula waliosajiliwa katika mpango wa Bamba Chakula, ulioanzishwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, mwaka 2015, wamekuwa wakikopesha kaya hadi msaada wa mwezi ufike. Mwenye hadwea, yaani duka la vifaa vya ujenzi, angeweza kufanya hivyo kwa fundi, na deni lake lina msingi bora, kwa sababu kinachokopwa ndicho kinachozalisha fedha ya kulipia. Atakayepinga ataonyesha mwaka 2025, misaada ilipokatwa, migao ikapunguzwa na madeni ya chakula yakakwama, na watu wakaingia barabarani Kakuma kulalamika. Msukosuko huo ni sababu nzuri ya kukopesha kwa uangalifu, ila hauliondoi soko. Fedha za kujenga zikipungua, ukarabati na ubomoaji huongezeka, na hizo ndizo kazi za nyundo yenye kishoka.

Kuna fursa nyingine karibu zaidi. Wahunzi wa Kamukunji jijini Nairobi hufua patasi, tindo na mashoka kutokana na springi za magari, feleji nzuri inayokubali kukazwa kwa mafuta. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iitambue sekta hii isiyo rasmi, kila serikali imeahidi kuilea. Lodwar iko kwenye barabara ya malori yaendayo Sudan Kusini, na springi zilizokatika hazikosi. Mpini nao uko kando ya mto. Mathenge, mti ulioletwa katika mipango ya kupanda misitu ya miaka ya 1970 na 1980, ambao wafugaji wanauchukia hata wakazi wa Baringo wakaishtaki serikali na kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani, una sifa moja ambayo wachoma makaa hawaihitaji na fundi anaihitaji sana: mbao yake husinyaa kidogo mno inapokauka. Shina lake limepinda na ni fupi, halifai kwa ubao, lakini mpini wa nyundo ni sentimita 40 tu. Haunepi kama hikori ya Marekani, na kwa nyundo nzito ya mawe singeupendekeza. Kwa kichwa cha nusu kilo unatosha.

Je, karakana ya Lodwar itashindana na kiwanda cha China kwa bei? Kwa nyundo mpya, hapana, na atakayeahidi hivyo kwenye andiko la mradi anatafuta ruzuku. Ushindani uko kwenye mpini mbadala, kunoa makali na kufua upya kucha iliyochoka, kazi ambazo kiwanda kilicho maelfu ya kilomita hakiwezi kuzifanya kwa gharama yoyote. Wengine watasema zana ya mkono inapitwa na wakati, kwa kuwa gridi ndogo za jua za kampuni kama Renewvia huko Kalobeyei, na Okapi Green iliyoanzishwa na mkimbizi Kakuma, zimeanza kufikisha umeme mahali ambapo jenereta ndizo zilizotawala. Umeme huo utafaa karakana, na fundi wa makabati atafurahi. Juu ya paa la nyumba ambayo bado haijaunganishwa, drili ya betri humaliza chaji mapema, na joto hufupisha maisha ya betri.

Linabaki swali la nani mnunuzi. Maduka humfikiria mwanamume, ilhali katika jamii ya Waturkana wanawake ndio wajenzi wa akai, nyumba ya fito na makuti ya mkoma, na katika Kalobeyei wengi waliopokea fedha za ujenzi ni wanawake wanaoongoza kaya. Kifaa chepesi chenye mpini mwembamba kingepata soko ambalo hakuna aliyejisumbua kulipima. Mnunuzi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni taasisi. Don Bosco imefundisha useremala na uashi Kakuma tangu miaka ya 1990, kaunti ina vyuo vyake vya ufundi, na mashirika hugawa seti za zana kwa wahitimu. Mgao wa bure huua biashara ya hadwea kwa muda, hasa seti ikiwa ya bei rahisi inayokwisha kabla mwenyewe hajapata mteja wa tatu. Lakini zabuni hizohizo zinaweza kulinyoosha soko, maana anayenunua seti mia tano ana sauti ambayo fundi mmoja hana. Hati iseme kichwa kiwe cha feleji iliyofuliwa, mpini uwe wa kubadilishwa, na mwenye zabuni aweke vipuri Lodwar na Kakuma kwa miaka miwili. Sheria tayari inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na upande wa vipuri na mipini ungewafaa kuanzia. Kipimo cha kwanza cha mzigo hakihitaji maabara: uso wa nyundo iliyokazwa huisumbua tupa, na tupa ikichota chuma kirahisi, boksi lirudi kwenye lori lililolileta.