Kompyuta Mpya ya Michezo Inapogoma Kutoa Picha

Vijana wengi wanaopenda michezo ya kompyuta hawanunui tena kompyuta iliyokwisha kufungwa kiwandani. Hununua vipande kimoja kimoja, mwezi hadi mwezi, kadiri fedha inavyopatikana, kisha huviunganisha wenyewe mezani. Ni kazi njema, yenye kufundisha subira na utumiaji wa mikono. Lakini, ndugu msomaji, kuna saa moja katika kazi hiyo iwatoayo watu jasho: swichi imebonyezwa, feni zazunguka, taa zawaka, na kioo kimebaki cheusi tititi.

Hapo ndipo hasara huanza. Kwa vile kadi ya picha aghalabu ndiyo kipande cha bei kubwa kuliko vyote, na kwa vile kazi yake ni kutoa picha, kila mtu huinyoshea kidole. Baba huambiwa kadi ni mbovu, mama huombwa akiba ya nyumba, kadi nyingine hununuliwa, na kioo hubaki cheusi vile vile. Askari polisi wasomao ukurasa huu wanajua ya kwamba mtu aliyekutwa karibu na mahali pa tukio si lazima awe ndiye mkosaji. Kompyuta nayo yataka upelelezi wa namna hiyo, tena wa kubadili jambo moja tu kwa wakati, ili ijulikane lipi lililoleta nafuu.

Anzeni nyuma ya kompyuta, kwani ndiko kosa la wengi liliko. Kuna matundu ya aina mbili yanayoweza kupokea waya wa kioo: yale ya ubao mkuu, yaliyo pamoja na matundu ya kibodi na spika, na yale ya kadi ya picha yenyewe, ambayo katika sanduku lililosimama huwa chini yake. Waya uingie katika kadi. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F, mathalani 12400F, hazina kabisa sehemu ya kutoa picha. Ukichomeka waya kwenye ubao mkuu utangoja mpaka kuche. Hakikisheni pia ya kwamba kioo kimechaguliwa kupokea picha kutoka tundu hilo, na si jingine.

Halafu ngojeni kidogo. Kompyuta zenye kumbukumbu ya aina ya DDR5, hasa zile za AMD za tundu la AM5 lililotoka mwaka 2022, huweza kukaa gizani dakika kadhaa zinapowashwa mara ya kwanza, zikiipima kumbukumbu yake. Wako waliozizima katikati ya kazi hiyo, wakaziwasha, wakazizima tena, wakasema zimekufa.

Kama giza laendelea, chomoeni waya wa umeme ukutani, bonyezeni swichi ya kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, mguse chuma cha sanduku, ndipo mfungue. Kadi isukumwe katika mfereji wake mpaka kile kishikizo cha mwisho kilie. Baada ya hapo tazameni waya zake za umeme. Mfereji peke yake hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini sita huongeza 75, na ya pini nane 150. Kadi kubwa isiyochomekewa plagi zake zote haitafanya kazi. Plagi ya pini nane ya prosesa hufanana na ile ya kadi, lakini si moja. Ikikataa kuingia msiilazimishe. Jambo jingine la hatari ni kuchukua waya za kuchomoa za sanduku moja la kugawa umeme na kuzitumia katika jingine. Huenda zikaingia vizuri kabisa, na bado zikaunguza kila kitu, kwa kuwa mpangilio wa pini zake haufanani.

Kusukuma plagi mpaka mwisho si jambo dogo. Kadi ya RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022, plagi mpya za baadhi yake ziliyeyuka kwa joto, na mwezi uliofuata kampuni ya NVIDIA ilieleza ya kwamba katika nyingi ilizozichunguza plagi haikuwa imeingia sawasawa.

Mbao kuu nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki ikiwaka ndiyo inayoonyesha mahali kazi ilipokwama. Ikiwa ni DRAM, kadi ya picha haina neno. Toeni vibao vya kumbukumbu, mrudishe kimoja tu katika nafasi iliyotajwa na kitabu cha ubao.

Pengine picha yaja, lakini ina madoa ya rangi, au mchezo hukatika. Angalieni madoa yaanza lini. Yakionekana tangu nembo ya kwanza, kabla Windows haijaanza, basi programu iendeshayo kadi, iitwayo draiva, bado haijashika kazi wala haiwezi kulaumiwa. Shukuni waya, kioo, au kadi. Yakianza baadaye, ifuteni draiva yote kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kompyuta ikiwa imewashwa katika hali salama, kisha mweke mpya iliyotoka kwa mtengenezaji. Kile kioo kinachozima kidogo na kurudi mara nyingi ni Windows yenyewe: kadi isipojibu kwa muda wa sekunde mbili, huiwasha draiva upya. Ama kompyuta ijizimayo yote katikati ya mchezo, hiyo aghalabu yalalamikia umeme au joto.

Kisa kimoja cha kweli kinafaa kuwekwa akilini. Baada ya Intel kutoa prosesa za kizazi cha 13 mwaka 2022 na cha 14 mwaka 2023, wachezaji wengi walikatiziwa michezo na maandishi yasemayo ya kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, hali kadi zao zilikuwa na kumbukumbu tele. Aprili 2024 NVIDIA iliwaelekeza watu hao kwa Intel. Julai mwaka huo Intel ilikiri ya kwamba prosesa zake zilipewa volti zilizozidi kiasi, zikawa zaharibika polepole. Marekebisho ya bayosi yalianza kutolewa Agosti 2024, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Marekebisho hayo hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Waliokuwa wamebadilisha kadi kwa kuyaamini maandishi ya kioo walitupa fedha. Anunuaye leo prosesa kuukuu ya vizazi hivyo na aulize kwanza historia yake, kisha aweke bayosi mpya kabla ya kucheza.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Mwombeni jirani au rafiki mwenye kompyuta nzima, yenye umeme wa kutosha, aijaribu kadi yenu ndani yake kwa saa moja ya mchezo mzito. Ugonjwa ukiifuata kadi huko, kadi ni mbovu: irudisheni dukani katika boksi lake, pamoja na risiti, mkieleza mlivyoijaribu. Kadi ikifanya kazi huko bila tatizo, irejesheni nyumbani, mwendelee kutafuta katika kumbukumbu, prosesa na umeme.