Kahawa ya Burundi na Fumbo la Ladha ya Kiazi

Watu wazungumzapo juu ya nchi zilimazo kahawa, jina la Burundi halitajwi mara nyingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi kahawa ilikuwa nguzo ya mauzo ya nje ya nchi hiyo ndogo isiyo na pwani. Zao hili hutunzwa na mamia ya maelfu ya familia, nyingi zikiwa na mibuni mia kadhaa tu kando ya migomba na maharagwe. Kwa sababu hiyo, kila kinachoharibu muonjo wa kahawa hiyo hugusa moja kwa moja karo ya shule, dawa na paa la nyumba.

Asili ya ladha nzuri

Karibu kahawa yote ya Burundi ni arabika, na sehemu kubwa ni ya aina ya Bourbon, iliyopewa jina la zamani la kisiwa ambacho leo huitwa Réunion. Kilimo chake kilienezwa katika utawala wa Wabelgiji. Mibuni hustawi hasa katika vilima vya kaskazini, kama vile Kayanza na Ngozi, ambako mashamba mengi yapo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko hulifanya tunda liive polepole, na mbegu hupata muda wa kujilimbikizia sukari na viini vingine ambavyo, wakati wa kukaangwa, hugeuka kuwa harufu na ladha.

Baada ya kuchumwa, matunda humenywa. Punje huvundikwa ili vijidudu viyeyushe ute unaozizunguka, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja. Kahawa ipatikanayo huwa na uchachu mwanana unaokumbusha machungwa. Mwaka 2012 Burundi iliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Cup of Excellence, ambayo huwapatia washindi bei kubwa mnadani.

Dosari isiyoonekana

Lakini mara kwa mara kikombe kimoja hunuka kama kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Dosari hii hupatikana pia Rwanda na mashariki ya Kongo. Ubaya wake ni kwamba punje yenye dosari yaweza kufanana kabisa na zenzake. Kukaanga hakuiondoi, hudhihirika pale punje inaposagwa. Vikombe kumi vikitengenezwa kutokana na gunia moja, tisa vyaweza kuwa safi na kimoja kikaharibika. Mnunuzi, asiyeweza kujua ni kipi, hushusha bei ya kahawa yote au huenda kununua kwingine.

Kisababishi cha harufu hiyo ni kemikali iitwayo isopropili-metoksi-pirazini, ambayo ndiyo pia huvipa viazi vibichi na njegere harufu yake. Pua ya binadamu huitambua ikiwa kiasi cha nanogramu 2 tu katika lita moja ya maji. Ili kupata picha ya udogo huo, tuchukue bwawa lenye urefu wa kilometa 1, upana wa mita 100 na kina cha mita 10. Gramu 2 za kemikali hiyo zatosha kulitia harufu bwawa zima. Si ajabu, basi, kwamba punje moja huharibu kikombe.

Mdudu na bakteria

Dosari hii inahusishwa na antestia, mdudu wa jamii ya kunguni ambaye wakulima wa Tanzania humwita kimatira. Ana umbo la ngao na madoa ya rangi ya chungwa na meupe. Hulitoboa tunda kwa mdomo wake ulio mfano wa sindano na kufyonza utomvu wake. Mwaka 2015 wataalamu walieleza bakteria mpya, Pantoea coffeiphila, iliyopatikana katika kahawa ya Burundi na yenye uwezo wa kutengeneza kemikali hiyo. Kwa maelezo haya, mdudu hufungua mlango na bakteria huingia. Wataalamu wengine huona kwamba huenda mmea wenyewe huitoa kemikali hiyo unapojeruhiwa. Mjadala huo haujafungwa.

Kinga

Hata hivyo, mkulima hana haja ya kungoja mjadala uishe. Antestia hupenda majani yaliyosongamana. Hivyo kupogoa, ili mwanga uingie, humfukuza. Dawa ya pareto humwua, nayo hupoteza nguvu upesi juani. Penye mitambo ya kumenyea, matunda hutiwa majini: mengi ya yaliyoshambuliwa ni mepesi, huelea, na huondolewa. Hatimaye, punje zenye madoa huchaguliwa kwa mkono juu ya vichanja. Hakuna njia moja inayoimaliza dosari hii, lakini zikitumiwa pamoja huipunguza sana.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni ya kuelea darasani bila kahawa. Atie katika ndoo ya maji mahindi mazima pamoja na yaliyobunguliwa, kisha awaulize wanafunzi kwa nini baadhi huelea, na kwa nini njia hiyo haiwezi kugundua kila punje mbaya.