Chombo cha Urithi Kinapoanza Safari

Uhamisho ni sehemu ya utumishi. Askari aliyezoea upepo wa Ziwa Kivu mjini Gisenyi hupokea amri ya kuhama, na kabla ya mwezi kwisha mke na watoto wamekwisha kufunga mizigo kuelekea Kigali, Huye au Rusizi. Magodoro hukunjwa, sufuria hutiwa guniani, madaftari ya watoto hupangwa katika katoni. Vitu hivyo vikipotea vyaweza kununuliwa tena. Lakini katika nyumba nyingi kipo kitu kimoja kisichouzwa dukani, nacho ni chombo cha maziwa kilichoachwa na wazee.

Katika milima ya Gishwati, juu ya Gisenyi, ufugaji wa ng'ombe ni kazi ya tangu zamani, na vyombo vya maziwa vina heshima yake. Icyansi ni chombo cha mti kilichochongwa kwa ustadi, na juu yake huwekwa kifuniko cha ususi kilichochongoka. Igisabo ni kibuyu kikubwa ambacho mama hukipakata na kukitikisa mpaka siagi ijitenge na maziwa. Zamani vyombo hivyo viliwekwa mahali pake maalumu ndani ya nyumba, paitwapo uruhimbi, wala havikuguswa ovyo.

Thamani ya chombo cha namna hiyo haimo katika mti wala katika ganda la buyu. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, nyumba nyingi mno ziliporwa na kubomolewa, na ziko familia ambazo hazikubakiwa hata na picha moja ya wazee wao. Wengine walikuwa wamekwisha kuishi ugenini kwa miaka mingi, Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, tangu machafuko ya mwaka 1959. Kwa watu kama hao, kibuyu kimoja kilichosalimika chaweza kuwa ndicho kitu pekee kilichoshikwa na mkono wa bibi. Kikivunjika njiani, hata fidia ikilipwa, fedha haiwezi kukirudisha.

HARAKA NI ADUI WA KWANZA

Watu wa Gisenyi wanajua vema jinsi haraka inavyoharibu mali. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipolipuka, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya wakazi wa Goma walivuka mpaka kuingia Gisenyi wakiwa na kile tu walichoweza kubeba. Mwaka 2021 matetemeko yalifuata kwa siku kadhaa, na majengo ya Gisenyi nayo yakapata nyufa. Saa kama hiyo hakuna nafasi ya kutafuta katoni wala kamba. Kwa hiyo chombo cha urithi kisikae juu ya kabati, bali kiwe chini, mahali imara, na sanduku lake liwe tayari hata kama hakuna safari iliyopangwa.

JINSI YA KUKIFUNGA

Kibuyu ni ganda la tunda lililokauka. Huvumilia kubanwa polepole pande zote, lakini hakivumilii kugongwa mahali pamoja, na shingo ndiyo hutangulia kuvunjika. Adui wake mwingine ni unyevu, ambao huleta ukungu na harufu mbaya. Ufungaji mzuri huvizuia vyote viwili.

Kwanza, chombo kipigwe picha pande zote, na nyufa za zamani ziandikwe. Pili, kikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, kwa maana jua kali hupasua mti na buyu. Kisisuguliwe kwa sabuni siku ya safari. Tatu, kifuniko kiondolewe na kufungwa peke yake.

Ndani ya chombo hutiwa karatasi laini au kitambaa, bila kushindilia. Nje huviringwa kitenge kilichofuliwa na kukauka vizuri, na shingo huongezewa tabaka mpaka unene wake ukaribiane na wa tumbo. Chini huwekwa ngata, ile pete ya nguo au majani ambayo mwanamke huiweka kichwani abebapo mtungi. Pete hiyo iliyotunza mitungi kwa vizazi vingi hufaa pia ndani ya sanduku, kwa kuwa kitako cha mviringo hukaa ndani yake bila kubingirika.

Kisha chombo hutiwa katika sanduku la kwanza, na sanduku hilo hutiwa katika la pili lililo kubwa zaidi. Pande zote ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi, nayo ijazwe vitambaa au karatasi zilizofinyangwa. Mwisho sanduku litikiswe kidogo. Likitoa sauti, lifunguliwe na kazi ianze upya.

Mifuko ya plastiki isitumiwe. Rwanda imeipiga marufuku tangu mwaka 2008, tena plastiki hufungia jasho ndani na kuozesha kile inachodhaniwa kukilinda.

KUCHAGUA NJIA

Kutoka Gisenyi hadi Kigali kupitia Musanze ni zaidi ya kilomita 150 za kona na miinuko. Katika basi, sanduku likae mapajani au miguuni pa mwenyewe, lisitiwe kwenye buti chini ya magunia ya viazi. Safari ya Dar es Salaam kutoka Kigali ni kama kilomita 1,500, na katika mwendo mrefu hivyo mzigo hushushwa na kupakiwa na mikono mingi. Jamaa anayesafiri, aliyeelezwa kilichomo, ni mlinzi bora kuliko kamba nene.

Anayetumia ndege na apige hesabu mapema. Kibuyu ni chepesi lakini kina umbo kubwa, na kampuni za ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kwa kufuata ule unaozidi. Sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 lina sentimita za ujazo 150,000. Zikigawanywa kwa 6,000, kama ilivyo desturi ya kampuni nyingi, sanduku hilo hutozwa kama kilo 25, ingawa kilichomo hakifiki kilo 3.

Kwa mzigo wa ng'ambo, sanduku la mbao halina budi kuwa limetibiwa kwa joto au dawa na kupigwa mhuri wa kimataifa, ili wadudu wasisafiri ndani ya mbao. Majani makavu ya mgomba, ingawa ni laini, yaweza kuzuiwa na wakaguzi wa mimea. Yafaa pia kuuliza mapema katika ofisi za forodha na za makumbusho kama chombo cha kale chahitaji kibali.

Juu ya sanduku zichorwe alama zinazoeleweka popote: glasi kwa kitu cha kuvunjika, mwavuli kwa kitu kisichotakiwa kulowa, na mishale miwili inayoonyesha upande wa juu. Mchukuzi asiyejua Kiswahili wala Kifaransa atazielewa.

KIKISHAFIKA

Gisenyi iko kiasi cha mita 1,460 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake si ya pwani. Mti uliozoea mahali pamoja hutanuka penye unyevu na kusinyaa penye ukavu, hasa katika nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi. Kwa sababu hiyo sanduku lisifunguliwe mara tu lifikapo, bali likae siku moja au mbili katika chumba chenye kivuli.

Tena ndani ya sanduku iwemo barua. Iandikwe chombo kilikuwa cha nani, kilitumiwa wapi, nani alikirithi, na jinsi kinavyoshikwa. Mjukuu aliyezaliwa mbali asipoambiwa hayo ataona pambo la ukutani tu, na siku moja atalitupa.

Iwapo ufa umekwisha kufika shingoni, busara ni kutokisafirisha. Kibaki kwa mzee au ndugu aliyeko karibu, na picha pamoja na barua zipelekwe badala yake. Mwenye kukabidhiwa amana hapimwi kwa umbali alioipeleka, bali kwa hali aliyoifikisha nayo.