Samaki wanakosa hewa alfajiri: namna oksijeni inaingia ndani ya maji

Wengi wenu munajua hali hii: saa kumi na moja ya asubui tilapia wote wako juu ya maji, midomo wazi. Watu wanasema ni sumu, ama jirani alitupa kitu usiku. Mara nyingi haiko sumu. Ni oksijeni imekwisha.

Muchana, mimea midogo inayofanya maji kuwa kijani inatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku inaacha, lakini yenyewe, samaki, na samadi inayooza, wote wanaendelea kuitumia. Siku ikiwa ya mawingu, akiba ya usiku inakuwa kidogo zaidi. Na maji hayana ghala kubwa: yakigusana na hewa kwenye joto la digrii 25, lita moja inashika oksijeni karibu miligramu 8 tu. Huku kwetu milimani, kwenye metre 1500, ni karibu 7.

Wengine wanauliza: tutie bomba chini ya bwawa, tupulize hewa na mashini ya matairi? Viwanda vya hamira, ile tunaita levire, vinafanya hivyo kweli. Hewa inapulizwa chini ya tangi refu, inapanda kwa mapovu. Lakini oksijeni inapita pale tu povu linapogusa maji, kwa hiyo ukubwa wa povu njo unaamua. Ukigawa lita moja ya hewa kuwa mapovu ya milimetre 10, ngozi yao yote ni metre mraba 0.6. Ukiigawa kuwa ya milimetre 1, inafika metre mraba 6. Ni hewa ile ile, mara kumi! Tena povu la kawaida linapanda sentimetre 20 hadi 30 kwa sekunde. Kwenye tangi la metre 10 linakaa ndani nusu dakika na zaidi. Kwenye bwawa lenu la metre moja, sekunde nne hivi, kisha linapasuka na oksijeni yake karibu yote. Bomba lililotobolewa kwa musumari linatoa mapovu makubwa. Mafuta munayachoma bure.

Kwa bwawa fupi, afazali kuvunja maji ndani ya hewa. Maji ya mufereji yaanguke kutoka juu, yapige mawe ama ubao wenye matundu, yaingie kama mvua. Yafunguliwe usiku, sana sana kuelekea alfajiri. Wenye motopompe wavute maji ya juu ya bwawa wayarushe tena, bila kugusa tope la chini, maana tope likichafuka linakula oksijeni iliyobaki.

Asubui hiyo musiwape samaki chakula, wala musiongeze samadi. Kisha ingiza mukono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko. Kama huoni vidole na maji ni ya kijani, samadi ingoje mpaka vionekane.