Fahamu: Kikundi cha hisa kinavyofanya kazi

Kikundi cha hisa ni watu wanaofahamiana wanaokutana, mara nyingi kila wiki, kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana fedha hizo kwa riba waliyoipanga wenyewe. Wengi hukiita VICOBA.

Kwa nini machimboni?

Katika machimbo ya dhahabu kama ya Nyarugusu, Mgusu au Kakola, mchimbaji mdogo mara nyingi hulipwa mgawo wa mifuko ya mawe, si mshahara. Duara, yaani shimo la uchimbaji, likitema dhahabu, fedha huja kwa mkupuo. Lisipotema, mchimbaji hukaa wiki kadhaa mikono mitupu, na mama lishe anayemkopesha chakula hukwama naye. Hapo ndipo mikopo ya "kausha damu", yenye riba kubwa, hupata wateja. Hisa moja ya kila wiki, hata iwe ndogo, ni kinga ya kweli.

Fedha hulindwaje?

Vikundi vingi hutumia sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na pesa huhesabiwa mbele ya wote. Mzunguko ukiisha, aghalabu baada ya mwaka, akiba na faida hugawanywa kulingana na hisa.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne la watoa huduma hizo. Usajili hufanyika halmashauri. Kabla ya kujiunga, omba kuona cheti na katiba.