Liyetna na barieri yake

Katika parokia zetu za Beni na Butembo kuna wanaume wengi waliokuwa maofisa wadogo katika vita ya 1998 hadi 2003. Wanaleta watoto wao kubatizwa, wanalima, wanafanya biashara ndogo. Padiri ao katekista asiyejua maisha yao yalikuwa namna gani atawahukumu upesi, ao atawaachilia upesi vilevile.

Chama cha RCD kilipogawanyika katika mwaka 1999, upande wetu ulibaki na RCD-ML, na kisha Bwana Mbusa Nyamwisi akawa mkubwa wake. Jeshi lake liliitwa APC. Waganda walilifundisha, hasa katika kambi ya Nyaleke karibu na Beni. Kijana aliyesoma sekondari aliweza kuwa liyetna mapema, maana alijua kuandika raporti na kuhesabu risasi.

Liyetna aliongoza pelotoni, watu 30 hivi, na wengine kati yao watoto. Wakubwa walimdai utii. Askari walimdai chakula. Yohane Mbatizaji aliwaambia askari watosheke na mshahara wao. Hapa mshahara wenyewe haukuja. Tena feza ilikuwako! Bidhaa zilipita Kasindi kutoka Uganda, na wafanya biashara wakubwa wa Butembo walilipa ushuru hata mbele ya mali kufika. Lakini feza ile haikushuka mpaka pelotoni. Basi barieri ikawa shamba la liyetna. Miti miwili, kamba moja, askari wawili. Kila apitaye aache kitu: franga, kuni, ndizi, maharagwe kidogo. Sehemu moja ililisha askari, sehemu nyingine ilipanda kwa mkubwa. Liyetna asiyepeleka kitu juu aliweza kupoteza nafasi yake. Aliyewakataza askari kuchukua aliweza kuamka asubuhi na kuona wametoroka na bunduki. Hatusemi kwamba hakuwa na kosa. Kosa lile lilikuwa na ngazi, naye alisimama katikati yake.

Mwisho wa 2002 majeshi ya MLC na RCD-N yalishambulia upande wa Mambasa, na watu maelfu wakakimbilia Beni. Waliomlaani liyetna penye kamba sasa walimtegemea.

Kisha yakaja mapatano ya Pretoria, na serikali ya mpito katika 2003. Nyaleke ikawa mahali pa kuchanganya majeshi. Aliyebaki aliingia FARDC. Aliyeacha bunduki aliahidiwa dola 110 za njia, na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja.

Linabaki jambo la kurudisha. Tulifundishwa kwamba mali ya wizi inarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe asipojulikana wapewe maskini. Wengi wanakimbilia jibu hilo la pili. Lakini kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 tu. Mama aliyeacha maharagwe yake penye kamba kila siku ya soko anaweza kuwa hai, na liyetna anamjua kwa uso. Pengine siku ya Mungu wanakaa benchi moja.