Mtundu Unapotoa Majani Mekundu

Wafuga nyuki wa Ulaya huanza kuuhesabu mwaka wao baridi inapokatika na maua ya kwanza kufunguka. Ama huku Tabora hesabu hiyo huanza katikati ya kiangazi, mwezi wa Agosti na Septemba, wakati ardhi ni vumbi tupu na maji ya visima yameshuka, ndipo miti ya miombo, kabla tone moja la mvua halijaanguka, inapotoa majani machanga mekundu kama shaba iliyosuguliwa, yakafuatiwa na maua ya mti wa mtundu, madogo, yasiyo na wajihi wa kumsimamisha mpita njia, bali yenye mbochi wa kuwashibisha nyuki wa msitu mzima.

Mimi ni mzaliwa wa pwani niliyefika huku Unyanyembe kwa kazi ya ualimu, na mwaka wangu wa kwanza wa ufugaji ulipotea bure kwa kutoijua kalenda hiyo. Nilitundika mizinga mitatu ya masanduku mwezi wa Desemba, mvua zimekwisha kukolea na wenyeji wamekwisha kurina asali ya mtundu, nikakaa kungoja. Waliokuja ni mijusi, buibui na nondo wa nta. Mzee mmoja jirani yangu, aliyerithi mizinga ya magogo kwa babaye, alichungulia tundu la mzinga mmoja, akanigeukia kwa upole.

"Mwalimu," akasema, "nyuki hatafuti nyumba siku ya njaa. Hutafuta nyumba siku ya shibe."

Maneno hayo ndiyo elimu yote, na yaliyobaki ni sherehe yake. Mbochi na chavua zinapoingia kwa wingi, malkia huzidisha kutaga. Yai huanguliwa siku ya tatu, jana likalishwa hata likazibiwa chumbani mwake, na siku ya 20 hivi tangu kutagwa akatoka nyuki kamili. Kwa hiyo, baada ya wiki chache za maua, nyumba iliyokuwa na nafasi hubanana, malkia akakosa pa kutagia, na watenda kazi wakajenga vyumba vya malkia wapya, virefu, vinavyoning'inia kama maganda ya karanga. Malkia mpya huchukua siku 16 kukamilika, lakini mama yake aghalabu hamngojei. Vyumba hivyo vikisha kuzibwa, yeye na sehemu kubwa ya jamii yake hutoka, wakamwachia binti nyumba pamoja na masega yenye akiba. Sijaona katika viumbe urithi utolewao kwa ukarimu kama huo.

Bumba lililotoka hutua tawini, na kutoka hapo wapelelezi husambaa kutafuta maskani. Mwaka 1949 Martin Lindauer, mwanafunzi wa mtafiti wa nyuki Karl von Frisch, aliona katika mji wa Munich nyuki wakicheza juu ya bumba ilhali miili yao imechafuka kwa masizi na vumbi la matofali. Akatambua kuwa hawa hawakutoka mauani, bali walikuwa wamekagua mabomba ya moshi na magofu ya mji uliopigwa mabomu, na mchezo wao ulikuwa ushauri juu ya nyumba. Baadaye Thomas Seeley wa Marekani alipima nyumba wanazozipendelea nyuki wa kwao, akakuta ni uwazi wa lita 40 hivi, wenye mlango mdogo, ulioinuka mbali na ardhi. Nyuki wetu wa nyika hukubali hata nyumba ndogo kuliko hizo, ila ukaguzi wao hauna tofauti.

Sisi tuliosoma chuoni tangu utotoni twaijua Sura ya 16 ya Kurani, An-Nahl, ambamo nyuki wanaelekezwa makazi ya namna tatu: milima, miti, na vile wanavyojenga watu. Miaka yote niliisoma bila kujiuliza hiyo namna ya tatu yamtaka mjenzi afanye nini. Yamtaka mengi. Viunzi viwe na upana wa milimita 32, ndiyo nafasi inayowafaa nyuki wetu kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega la pili. Ubao uwe mkavu, usio na harufu ya rangi. Waya za kutundikia zipakwe grisi kuzuia siafu. Wengine bado hubandua gome la mti mzima kutengeneza mzinga, na mti huo hufa. Nasema kwa taadhima kwa waliotutangulia kwamba kuua mti unaowalisha nyuki ili kuwajengea nyuki ni hasara isiyofidika.

Mwaka wa pili nilitundika kwa wakati, bumba likaja, na siku ya tano, kwa pupa ya kutaka kuona, nikafunua kifuniko. Kesho yake walikuwa wamehama, wakaniachia kipande cha sega jeupe, chembamba, upana wa kiganja, hakina hata yai moja.

Septemba iliyopita niliyeyusha nta katika sufuria ndogo, nikaimimina kama uzi katikati ya kila kiunzi, nikasugua kuta kwa majani ya mchaichai, ambayo harufu yake hukaribia ile nyuki wanayoitoa kuitana. Mzinga ukaning'inia kivulini, karibu na kijito. Siku ya tisa nikaona nyuki watano, kisha kumi, wakiingia na kutoka bila mzigo, wakitembea juu ya ubao kama mafundi wanaopima ukuta. Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, mvumo ukaja kutoka upande wa bonde, hewa ikatiwa weusi juu ya mti, na kwa muda wa robo saa wote wakamiminika tunduni.

Mzee alikuja jioni. "Hongera, mwalimu. Sasa uwaache."

Nikawaacha. Kila asubuhi nilisimama mbali, upande usio wa mlango, nikatazama miguu yao tu. Baada ya siku chache nyuki mmoja alitua na furushi la chavua ya manjano katika kila mguu wa nyuma, akafuata mwingine, kisha wengi. Na kwa kuwa chavua ni chakula cha majana, nikafahamu kwamba ndani malkia anataga. Nikaokota jembe langu, nikarudi nyumbani bila kugusa kifuniko.